Koti la Binti wa Watu

Kila Jumapili baada ya adhuhuri telefone yangu inalia, na anayepiga ni mwanamke mzee anayekaa mbali, nchi ya Serbia, katika kibanda cha mbao karibu na reli. Mi nakaa Buterere, pembeni mwa Bujumbura, chumba kimoja, upande ule ambao mvua ikinyesha sana tunapandisha godoro juu ya meza. Yeye hajui Kiswahili wala Kirundi. Mi sijui lugha ya wenye nchi ile. Tunaongea lugha ya kabila lake, Waroma, na hiyo nayo ninayo ya kuokoteza tu, kwa hiyo hatuongei mengi. Ananiuliza kama nimekula. Namwambia nimekula. Namuuliza miguu yake. Ananiambia bado imevimba. Halafu, mwaka jana wote, alikuwa ananiuliza koti.

"Kai si?" Liko wapi.

Nilikuwa namjibu kwamba liko kwenye sanduku, huku kwetu ni joto. Hata sanduku lenyewe sina.

Koti lilikuwa la binti yake, na binti yake amekufa. Yule mzee anaumwa, anajua hatakaa sana, na jambo linalomnyima usingizi ni moja: akifika kule alikoenda mtoto wake, amkute amevaa au amkute uchi. Jibu lilikuwa kwangu. Nitaeleza koti lilifikaje kwangu na liliishia wapi, na nitawataja waliokosa. Majina sitayaandika, maana hata langu siliandiki. Lakini watajijua.

Wa kwanza ni mume wa mdogo wangu.

Sisi ni watoto wa mtaa wa Buyenzi, mi na mdogo wangu, tumbo moja. Baba alikuwa fundi wa magari, mama alikuwa anauza vitumbua. Shule niliachia darasa la nne. Shemeji yangu ni komisiyoneri, na huku Bujumbura komisiyoneri ni mtu anayeuza kisichokuwa chake: nyumba ya mwingine, kiwanja cha mwingine, gari la mwingine. Mwaka ule aliacha viwanja akaanza kuuza safari. Mlango ulikuwa wazi, Serbia ilikuwa haiwaombi Warundi viza. Unapanda ndege kama mtu na unashuka kama mtu. Alifungua biro, ofisi yake, mtaa wa Mutakura, meza moja na viti viwili vya plastiki, na watu walikuwa wanapanga mstari mpaka kwa muuza makaa. Alisema kule kuna mtu wake, atatupokea, atatupa kazi ya hoteli, na baada ya miezi mitatu tutaingia Ubelgiji kama vile unatoka Buyenzi kwenda Rohero.

Mdogo wangu alisita. Alikuwa mwoga wa baridi tangu utoto, hata mvua ya hapa ilikuwa inamtetemesha. Mumewe akamwambia mbele yangu:

"We nenda na dada yako, mi nitafuata. Mutu atatumaje wateja pahali ambapo muke wake hajafika?"

Alikuwa anatafuta tangazo. Sisi tulisikia mapenzi.

Mtu wake hakuwepo. Telefone iliita siku mbili bila kujibiwa, siku ya tatu ikawa haiiti tena. Tukakaa kwenye bustani karibu na stesheni ya mabasi, Warundi tupu, kila mmoja na komisiyoneri wake aliyempoteza. Tulilalia maboksi. Asubuhi moja akaja mwanamke mzee, sketi ndefu, kitambaa kichwani, anasukuma mkokoteni wa magurudumu ya baiskeli. Alikuwa anaokota maboksi. Nikajua anayataka yale tuliyolalia, nikainuka. Akatikisa kichwa. Akatoa mkate kwenye begi, akaukata kwa mkono, akampa kwanza mdogo wangu, maana ndiye aliyekuwa anakohoa.

"Manro," akasema. Lilikuwa neno langu la kwanza la lugha yao.

Halafu akaweka mkono wake kando ya mkono wangu, akalinganisha rangi. "Kali," akasema, ananionyesha mimi. Akajionyesha na yeye: "Kali." Maana yake mweusi. Huku kwetu angeitwa Mwarabu. Lakini kule na yeye alikuwa mweusi wa watu, na nilikuja kuona kwamba watu wa mji ule walikuwa wanamhama kwenye basi kama walivyokuwa wananihama mimi.

Tukamsaidia kusukuma mkokoteni mpaka kwake, kwenye kambi ya Waroma karibu na reli. Tukakaa miezi sita.

Kazi yetu ilikuwa maboksi na shaba. Maboksi unayakanyaga, unayafunga kwa waya. Nyaya za umeme unazichuna kwa kisu ili upate shaba iliyo ndani, vidole vinakatika, unaendelea. Lugha niliipata humo. Hakuna aliyenifundisha. Mtu anasema yag, anaonyesha majiko, unaleta kuni, kesho unajua yag ni moto. Pani ni maji. Besh ni kaa. Dei ni mama. Chei ni binti. Shil ni baridi, na hilo nilijifunza bila kuonyeshwa. Nayaandika kama sikio lilivyoyashika, sijui wenyewe wanayaandikaje, pale kambini sikuona mtu akiyaandika. Mkamwana wa yule mzee, mwanamke wa rika la mdogo wangu, alikuwa amekaa Ufaransa miaka na alijua Kifaransa. Aliniambia kwamba watoto wake anawakataza kusema lugha ya nyumbani wakiwa shuleni. Waisemee nyumbani, mlango umefungwa.

Sikuelewa kwa nini mpaka siku nilipoenda kwenye ofisi moja kuomba karatasi ya kukaa. Nikamsalimia karani kwa lugha niliyokuwa nayo, nikidhani lugha ni lugha. Akaita wenzake waje wanisikie. Wakanirudisha niseme tena. Mmoja alicheka mpaka akavua miwani kujifuta macho.

Sikukasirika. Nilikumbuka kwetu. Nilipokuwa mtoto kulikuwa na mama mmoja Mutwa, kabila linalodharauliwa kwetu, aliyekuwa anapita Buyenzi kuuza vyungu. Mama yangu alikuwa anampa maji, lakini kwa kikombe chake peke yake, chenye ufa, hakikuwekwa pamoja na vingine, kilikaa nje juu ya ukuta. Siku moja nilikivunja makusudi nione atakunywea nini. Alikunywea viganja. Ukianza kutaja wakosaji jitaje na wewe, usiruke.

Yule mzee alikuwa na mabeseni manne, na kila moja na kazi yake: la vyombo, la uso, la nguo za juu ya kiuno, la nguo za chini ya kiuno. Mdogo wangu siku ya pili akafua chupi kwenye beseni la vyombo. Mzee alilichukua, akalitoboa kwa kisu, akalipanda vitunguu. Tulicheka sana, yeye kwanza. Mdogo wangu kila alipopita alikuwa anavisalimia vile vitunguu, shikamoo.

Basi. Yule binti wa mzee alikuwa amekufa kabla hatujafika, ugonjwa wa kifua. Alikuwa na umri wangu na kimo changu. Mwezi wa pili au wa tatu, bado theluji iko chini, ikatimia mwaka. Wale Waroma, kambi ile angalau, marehemu akitimiza mwaka wanamwekea meza, wanaiita pomana. Anatafutwa mtu mwingine, asiye wa damu yake, wa umri wake na umbo lake. Anavalishwa nguo mpya za dukani, kuanzia za ndani mpaka viatu. Anakalishwa pahali pa marehemu na anakula wa kwanza. Anachokula yeye marehemu amekula. Anachovaa yeye marehemu amevaa, huko aliko.

Mwanamke aliyekuwa ameombwa alihamia Ujerumani. Waliobaki walikuwa ndugu, au wadogo, au wanene. Mzee akamtuma mkamwana wake aje kuniuliza.

Niliuliza nyama gani. Akaniambia mzee ameshafikiria hilo, kuna Waroma Waislamu kambi ya pili, mmoja wao amekuja kuchinja kondoo. Nikakubali.

Alinivalisha mwenyewe. Sketi ya kijani, sweta, soksi mbili mbili, buti za manyoya ndani, kitambaa cha kichwa, na koti jekundu la sufu, refu, vifungo vinne vyeusi. Kila alichonivalisha alikuwa anasema: "Te avel angla late." Hiki kiwe mbele yake. Alifunga vifungo polepole kuanzia chini, halafu akanishika mabega akaniangalia, na nikaona haniangalii mimi. Akaniambia kaa, kula. Nilikuwa na njaa, nasema ukweli. Nilikula kama mtu mwenye njaa, mikono miwili, na yule mzee akawa analia na kucheka, kwa sababu binti yake siku za mwisho alikuwa hamezi kitu.

Baadaye mkamwana akanieleza: nguo hizi ni za kuvaa. Uzivae mpaka ziishe mwilini mwako.

Nilimsikia. Nisiseme sikuambiwa. Lakini mi ni Muislamu wa Buyenzi, na kwetu nguo za maiti hazikai ndani. Zinatolewa sadaka, na thawabu zinamfuata mwenyewe kaburini. Nilivyoelewa mimi, kuzivaa ni kuzila peke yangu, na kuzitoa ndiko kumtendea mema yule binti. Ndivyo mama alivyofanya kwa nguo za baba, ndivyo sisi tulivyofanya kwa nguo za mama.

Baridi ilipoanza kulegea shemeji akaanza kupiga kila siku. Kuna boti, kuna watu wanavuka mto wa mpakani, wateja wanamuuliza mkewe yuko wapi. "Benzenu bamefika," alikuwa anamwambia mdogo wangu. "We unanihaibisha tu." Mdogo wangu alikuwa na jaketi ya plastiki na raba zilizotoboka. Nikamvalisha koti jekundu. Nikamvalisha na buti. Nikatia nia kabisa, kimoyomoyo: sadaka kwa ajili ya binti wa yule mzee. Jaketi yake nikavaa mimi. Alijipiga picha mbele ya ukuta, ameshika kiuno, akamtumia mumewe. Akaniambia, "Dada, leo kwa mara ya kwanza sisikii baridi."

Tuliondoka asubuhi mapema, mzee akiwa ameenda kwenye maboksi. Sikutaka aone koti liko kwa nani. Kumbe moyo ulijua.

Boti ilikuwa ya mpira na sisi tulikuwa wengi. Ilipinduka karibu na ng'ambo, pahali ambapo ungesema mtu anaweza kutembea. Koti la sufu likinywa maji ni jiwe. Buti zenye manyoya ni mawe mawili. Mi nilikuwa na plastiki, plastiki inaelea. Niliona jekundu, nikaona jekundu tena chini kidogo, halafu sikuona. Askari wa mpakani wakatutoa tuliobaki, wakatupa mablanketi, wakaturudisha tulikotoka. Mto haukutoa mtu.

Sikulia. Nasema kwa sababu watu wananiuliza. Nilikuwa najiangalia kama mtu anayeangalia mvua ya mtaa mwingine.

Mzee akaniuliza mdogo wangu. Nikamwambia ameshafika Ubelgiji. Akaniuliza koti. Nikamwambia nimelifunga kwenye mfuko, baridi imekwisha. Baada ya wiki chache nikaomba kurudishwa nyumbani, nikarudishwa. Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani. Kwao anayebaki anamwambia anayeondoka, nenda na Mungu, na anayeondoka anamjibu, baki na Mungu. Yeye alisema lake. Langu sikulisema, nikapunga mkono.

Nilipofika Bujumbura nilienda moja kwa moja kwa shemeji. Nikamwambia yote, mto, koti, buti. Aliniangalia, akafunga mlango wa biro.

"Umeona maiti?"

"Apana."

"Basi usiniletee mukosi. Huyo iko Ubelgiji, amepata bwana muzungu, amenikimbia. Watu wanafanya hivyo kila siku."

Nikaenda kwa maalim wa msikiti wetu, nikaomba asomewe hitima. Akasema jambo kama hilo linamhitaji mume, na mume anasema mke yuko hai, na mimi ni mwanamke niliyechoka na safari. Ningoje. Na yeye namtaja: ni wa pili. Alikuwa na mpwa wake kwenye orodha ya shemeji.

Ndiyo maana mdogo wangu hana arobaini wala hitima. Anacho kitu kimoja: ile picha. Shemeji aliichapisha kubwa, akaitundika ukutani nyuma ya meza. Mlango wa Serbia ulishafungwa, sasa anauza nchi nyingine, lakini picha iko palepale. Mteja akiingia anaonyeshwa: muke wangu huyo, tazama koti. Mi nauza chaguwa soko la Mutakura, nguo kuukuu za Ulaya, na biro yake iko njiani. Nilikuwa napita upande wa pili wa barabara.

Mwezi wa tano tangu nirudi ndipo mzee alipopata namba yangu kwa Warundi waliobaki kule. Jumapili ya kwanza nilifurahi. Huku hakuna mtu wa kusema naye lugha ile. Nilikuwa naisema peke yangu nikifua, pani, pani, yag, kama mwehu. Kwa Kirundi najua kulia, kwa Kiswahili najua kugombana. Kwa lugha ile najua mkate, maji, moto, kaa, kula. Haina pahali pa kuumia. Nilikuwa naipenda kwa hilo.

Halafu akaanza kuuliza koti. Binti yake alikuwa anamjia ndotoni. Mwanzoni alikuja amefunga vifungo vyote. Baadaye alikuja na miguu mitupu. Baadaye akaja hana kitu.

"Nangi," mzee alisema. "Mri chei, nangi." Binti yangu yuko uchi.

Akataka nimwonyeshe. Nivae, aone kwenye telefone, mara moja tu. Nikasema Jumapili ijayo. Nikasema mtandao mbaya. Nikasema naumwa. Miezi ikaenda. Mkamwana akachukua telefone siku moja akaniambia kwa Kifaransa, taratibu ili nielewe, kwamba mama hali chakula. Mganga wa hospitali amesema moyo. Mama anasema hawezi kufa, atamkutaje.

Wiki ile tulifungua balo la makoti. Makoti huku hayauziki, labda kwa watu wa milimani. Tunayapata kwa sababu anayefunga balo huko hajali. Na humo lilikuwa jekundu, refu, la sufu. Vifungo vilikuwa vya kahawia. Nikavikata, nikashona vinne vyeusi.

Jumapili nikalivaa, joto la Buterere, jasho linashuka mpaka kwenye magoti. Nilijua nitamwonyesha, ataridhika, atakufa vizuri, na mi nitabaki na yangu. Telefone ikalia. Nikabonyeza. Uso wa mzee ukatokea, umekuwa mdogo kama ngumi. Aliangalia muda mrefu. Akanyoosha kidole kwenye kioo chake, kana kwamba anashika kitambaa. Halafu akaanza kutabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonishinda. Shemeji ana picha ya koti jekundu anayowadanganyia watu. Nikaona na mi nimekuwa picha.

Nikafungua vifungo. Nikalivua mbele yake, nikalitupa kitandani.

"Si lenyewe," nikamwambia. Nikamwambia ampe mkamwana telefone. Nikasema kwa Kifaransa changu cha sokoni, na pale Kifaransa kilipoisha nikasema kwa lugha yao, na pale zote zilipoisha nikaonyesha kwa mikono. Mto. Boti. Mdogo wangu. Koti zito. Buti. Mi ndiye niliyemvalisha. Mkamwana alikuwa anatafsiri, akaacha kutafsiri. Mzee alikuwa ameshaelewa.

Nilingoja anilaani. Wana laana nzito, nilishazisikia. Mzee akauliza jambo moja, mkamwana akaniletea:

"Anauliza, mdogo wako alishawekewa meza?"

Nikasema hapana.

"Hata arobaini?"

Hata arobaini.

Mzee akasema maneno mengi. Mkamwana akayafupisha hivi: "Anasema hawa wawili wako ndani ya koti moja, ndiyo maana wa kwetu anakuja uchi. Ni mtu wa heshima, amemwachia mgeni. Anasema koti libaki kwa wako. Wa kwetu avalishwe upya. Utamvalia wewe hukohuko, vipya, ambavyo havijavaliwa na mtu. Na wako nitamvalia mimi mkamwana hapa, tulikuwa sawa rika na kimo. Na anauliza, wako alikuwa anapenda kula nini?"

Sikukumbuka. Nilikaa na telefone mkononi, mtu wa tumbo moja na mimi, sikukumbuka alikuwa anapenda nini. Nilitafuta kama unavyotafuta ufunguo. Wakasubiri. Halafu ikaja, ndogo: ukoko. Alikuwa anagombania ukoko wa wali, ule wa chini ya sufuria, ulioungua. Mama alikuwa anamchapa mwiko mkononi.

Nikajaribu kueleza ukoko. Mkamwana akasema, "Unataka niunguze wali makusudi?"

"Makusudi."

"Mama mkwe ataniua," akasema, halafu akamweleza mzee, na mzee akacheka, akakohoa, akacheka tena.

Jumapili iliyofuata sikufungua biashara. Mtu anayeuza kuukuu maisha yake yote, nilienda Rohero dukani kununua vipya: kitenge, blauzi, kilemba, sandali za ngozi, na za ndani. Nilipika samaki aina ya mukeke na ndizi, maana mzee alisema mwanawe alipenda samaki. Niliweka telefone juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaiegemeza kwenye kopo. Nikavaa kimoja kimoja mbele yake, za ndani nikiwa nyuma ya pazia. Yeye akawa anasema kwa kila kimoja, te avel angla late, sauti inakwaruza. Kilemba kilimshangaza. Alitaka nigeuke. Akasema jambo, mkamwana akanambia: "Anasema huko watadhani ameolewa na mfalme."

Nikakaa, nikala. Safari hii sikuwa na njaa. Nilikula mpaka mwisho, na miiba nikainyonya, maana nilikuwa nakula kwa mtu.

Kisha ikawa zamu yao. Mkamwana alikuwa amevaa koti jipya. Si jekundu, hawakupata, la buluu. Mzee alikuwa kwenye kiti cha mito, akamwekea sahani yeye mwenyewe. Ulikuwa wali ulioungua hasa, mweusi. Mkamwana akautazama, akanitazama mimi, akatafuna. Nilisikia ule mlio, kru, kru, mlio wa jiko la mama.

Mzee akaniambia niseme. Mwenye maiti ndiye anayesema. Nikasema, "Te avel angla late." Nikasema tena kwa Kiswahili, ili mdogo wangu asikie kwa lugha yake: kiwe mbele yako. Sikulia hata hapo. Kuna kitu kilisogea kifuani kama kabati zito linavyosogezwa kidogo, halafu kikasimama. Nikaosha sahani.

Jumatatu nikavaa vilevile, kitenge, kilemba, sandali, maana sasa najua ni vya kuvaa. Nikapita Mutakura upande wa biro. Shemeji alikuwa mlangoni na wateja wanne, amewapangia viti, picha iko nyuma yake.

"Eh, dada wa Ulaya," akaniita, wateja wacheke. "Leo umependeza. Umepata bwana?"

"Ni nguo za maiti," nikamwambia.

Akatabasamu bila kuelewa. Nikasogea karibu, nikaonyesha picha juu ya bega lake, wale wanne wakageuka kuangalia.

"Na muke wako huyu alikufa mtoni na koti hilohilo. Mi nilikuwa ndani ya boti. Hukutaka tumwekee chakula. Jana amekula. Amekula ukoko."

Mteja mmoja, mama mwenye bahasha kifuani, aliinuka polepole akachukua mkoba wake. Wengine watatu walibaki wamekaa. Sijui waliishia wapi.

Mzee bado anapiga Jumapili. Miguu bado imevimba, moyo uleule. Koti haliulizi tena. Binti yake anamjia na kilemba, anasema, na nyuma yake kuna mwingine mwenye koti jekundu ambaye haongei lugha yao. Sandali zangu zimeanza kukatika kamba. Jirani aliniomba kitenge, ana harusi ya mpwa wake, amenisaidia mengi mvua zikija. Nimemnyima. Amenuna, na ana haki ya kununa. Nakivaa mpaka kiishe.